Pat Kennedy: Refa wa shule aliyepanda ngazi hadi ukumbi mkuu wa New York

Na MWANDISHI WETU

MACHAKOS

KILA msimu wa michezo ya shule za upili unapowadia, viwanja vya Machakos hujaa wanafunzi wenye sauti za kukauka kwa kushangilia. Wafungaji hubebwa mabegani na makocha hupongezwa. Mtu mmoja tu huondoka kimya kimya, kipenga kikining'inia shingoni, bila wa kumpa mkono. Huyo ni refa.

Katika mpira wa vikapu, refa huyo aghalabu huwa mwalimu aliyejitolea, au kijana aliyemaliza masomo juzi na ambaye mapenzi yake kwa mchezo yalizidi kipaji chake cha kuucheza. Baada ya misimu miwili mitatu ya kuchezesha mechi za shule, swali huanza kumsumbua: atapandaje daraja hadi mechi za vyuo?

Si swali la kupuuzwa katika mji ulio na Chuo cha Walimu cha Machakos na Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Mechi za vyuo zipo, na lazima ziwe na waamuzi. Lakini kati ya uwanja wa shule na uwanja wa chuo pana ngazi ambayo wengi huiona kwa mbali tu.

Takriban karne moja iliyopita, ngazi iyo hiyo ilimkabili kijana wa miaka 20 katika mji wa Hoboken, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Aliitwa Matthew Patrick Kennedy, ingawa ulimwengu wa michezo ulimjua kwa jina fupi la Pat. Aliipanda ngazi hiyo yote, kutoka shule hadi vyuo, kutoka vyuo hadi ligi ya kulipwa, akawa refa maarufu kuliko wote wa zama zake.

Maisha yake yana mengi ya kumtia moyo anayeanza. Yana pia mambo ambayo marefa hawajaacha kuyabishania hadi leo.

Mtoto wa bandarini

Kennedy alizaliwa Januari 28, 1908. Hoboken ni mji wa bandari unaotazamana na New York, ukitengwa nayo na mto Hudson pekee. Enzi hizo ulikuwa mji wa makuli, mabaharia na wahamiaji waliotoka Ulaya kutafuta riziki. Mwanamuziki Frank Sinatra alizaliwa papo hapo miaka saba baadaye.

Mpira wa vikapu wenyewe ulikuwa bado mchanga. Ulibuniwa Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu mzawa wa Kanada aliyekuwa akifundisha katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Alitakiwa kutafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali. Akatundika vikapu viwili vya kuvunia mapichi, akawagawa wanafunzi wake 18 katika timu mbili za watu tisa tisa, na akaandika sheria 13.

Katika sheria hizo 13, Naismith hakumsahau mwamuzi. Aliweka waamuzi wawili na kuwagawia kazi. Mmoja alikuwa hakimu wa wachezaji: kazi yake ni kutazama makosa, kuyahesabu na kumwondoa uwanjani mkorofi. Wa pili alikuwa hakimu wa mpira: aamue ni wa nani, umetoka lini, umeingia kikapuni au la, na ahesabu muda.

Mgawanyo huo una hekima ambayo kila refa huitambua akikomaa. Jicho la mwanadamu hupenda kuufuata mpira. Ilhali makosa mengi hutendeka mahali ambapo mpira haupo: kiwiko kinachochomekwa mbavuni, mkono unaovuta jezi, kiuno kinachosukuma. Refa anayetazama mpira tu ni shabiki aliyepewa kipenga.

Kipenga cha kwanza, 1928

Kennedy alianza kuchezesha mechi mwaka 1928, na alianzia pale wanapoanzia takriban marefa wote, yaani katika shule za upili.

Mazingira ya mechi za shule wakati huo hayakutofautiana sana na yale ambayo marefa wetu wanayajua. Kumbi zilikuwa ndogo, na watazamaji walikaa karibu na mstari kiasi cha kuweza kumgusa mchezaji. Mzazi wa mfungaji alikuwa hatua mbili kutoka kwa refa, na hakusita kumweleza anavyomwona. Malipo yalikuwa ya mechi moja moja. Katika mechi nyingi ndogo, refa alikuwa peke yake.

Mwaka mmoja tu baada ya Kennedy kuanza, soko la hisa la New York liliporomoka na Marekani ikatumbukia katika mdororo mkuu wa uchumi. Viwanda vilifungwa na mamilioni wakakosa ajira. Katika hali hiyo dola chache za kuchezesha mechi hazikuwa pesa za mchezo. Wenye vipenga waliongezeka, na ushindani wa kupata mechi ukawa mkali.

Shuleni ndiko refa anakojifunza mambo ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha. Anajifunza kupuliza kipenga kwa nguvu moja, bila kusitasita, kwa maana kipenga cha woga hualika mabishano. Anajifunza mahali pa kusimama ili aone nafasi iliyo kati ya mshambulizi na mlinzi. Anajifunza kuzungumza na kocha aliyepandwa na hasira bila kumjibu kwa hasira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ngazi ya 32, 40 na 48

Yapo mambo yanayobadilika refa anapotoka shule kwenda chuo, na kwa mfumo wa Marekani yanaweza kuhesabiwa. Mechi ya shule ya upili huko huchukua dakika 32, ya chuo 40, na ya ligi ya kulipwa 48. Uwanja wa kawaida wa shule una urefu wa takriban mita 25.6, ilhali wa chuo una mita 28.65. Kwa hivyo anayepanda daraja hukimbia zaidi, kwa muda mrefu zaidi, akiwafuata watu wenye kasi zaidi.

Hayo ya miguu ni mepesi. Mageuzi magumu ni ya macho na akili. Mvulana wa shule akigongana na mwenzake, mara nyingi ni kwa sababu hajajua kuutawala mwili wake. Mchezaji wa chuo akigonga, mara nyingi anajua alichokusudia na anajua pia jinsi ya kukificha. Refa wa shule hufundisha sheria huku akichezesha. Refa wa chuo huamua baina ya watu wanaozijua sheria na wanaotafuta mianya yake.

Kuna jambo jingine. Wakati wa Kennedy, ilikuwa kawaida kwa timu mwenyeji kumwalika refa na kumlipa. Refa aliyetaka kualikwa tena alijua fika mlipaji wake ni nani. Hapo ndipo tabia ya mtu ilipopimwa. Aliyewapendelea wenyeji alipata mechi nyingi katika uwanja mmoja na kukataliwa kwingine kote. Aliyekuwa mwadilifu alizomewa na wenyeji leo, lakini kesho wageni wale wale walimtaka achezeshe kwao.

Kwa njia hiyo jina la Kennedy lilivuka mto Hudson. Alichezesha mechi za shule, akaongeza za vyuo, na hakuziacha za ligi ya kulipwa ya eneo la mashariki, ambazo wakati huo zilikuwa ngumu na zenye rabsha nyingi. Kwa miaka 18, kuanzia 1928 hadi 1946, alifanya kazi katika ngazi zote tatu.

Usiku uliobadili mchezo

Bahati nayo ilimwendea Kennedy. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, vyuo vya New York vilikuwa na timu nzuri lakini kumbi ndogo. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa habari za michezo, Ned Irish, alirarua suruali yake akipenya dirishani kuingia katika ukumbi wa chuo kimoja uliokuwa umefurika. Liwe kweli au chuku, Irish aliona biashara pale wengine walipoona msongamano.

Alikodi Madison Square Garden, ukumbi mkuu wa ndondi jijini, na Desemba 29, 1934 akaandaa mechi mbili za vyuo usiku mmoja. Watu zaidi ya 16,000 walihudhuria. Chuo Kikuu cha New York kilishinda Notre Dame 25-18, na Westminster ikailaza St John's 37-33. Kuanzia usiku huo, mpira wa vikapu wa vyuo haukuwa tena mchezo wa ukumbi wa mazoezi.

Kwa refa, maana yake ilikuwa kubwa. Kosa lililoonwa awali na watu 500 sasa lilionwa na 16,000, na kesho yake likasomwa magazetini nchi nzima.

Hatari ya jambo hilo ilidhihirika siku chache baadaye, Januari 1935, Kentucky ilipokuja kutoka kusini kumenyana na Chuo Kikuu cha New York. Kocha wa Kentucky, Adolph Rupp, aliwafunza vijana wake kusimama njiani mwa mlinzi ili mwenzao apate nafasi ya kurusha. Kusini mbinu hiyo iliruhusiwa. Marefa wa New York waliiita kosa.

Sekunde za mwisho timu zikiwa sare, kipenga kililia dhidi ya Leroy Edwards wa Kentucky. New York ikafunga mtupo huru na kushinda 23-22. Rupp alilalamika kwa muda mrefu. Kitabu cha sheria kilikuwa kimoja, lakini kilisomwa kwa lafudhi mbili.

Tukio hilo laeleza kwa nini refa anayepanda kutoka shule hawezi kubeba mazoea ya mtaa wake na kuyaita sheria. Katika kipindi icho hicho sheria ya sekunde tatu, inayomzuia mshambulizi kukita kambi chini ya kikapu, ilikazwa. Kisha kuanzia msimu wa 1937-38, desturi ya kurudisha mpira katikati na kuurushia juu kila baada ya kikapu kufungwa iliondolewa.

Badiliko hilo la mwisho liliwapiga marefa miguuni. Zamani walipata pumzi kila kikapu kilipofungwa. Sasa mchezo ulitiririka kama mto Athi wakati wa masika, na refa mzembe aliachwa nyuma. Kennedy, aliyekuwa hajafika miaka 30, alikuwa na miguu na mapafu ya kuandamana nao.

Sauti iliyojaza ukumbi

Ukumbi mkubwa ulimhitaji mtu mkubwa, na Kennedy alijifanya mkubwa. Alipopuliza kipenga, alikipuliza kwa nguvu zote za kifua. Alimkimbilia mkosaji, akamnyoshea kidole, uso ukiwa umemwiva, akapaza sauti mara kadhaa kumweleza kuwa alilofanya haliruhusiwi kamwe. Kisha aliliigiza kosa lenyewe kwa mikono na mwili wote, hata aliyeketi safu ya juu kabisa akajua nani alimfanyia nani nini.

Watazamaji walimpenda. Walikuwapo waliolipa kiingilio ili kumwona Kennedy, lolote litakalokuwa kati ya timu. Hadi wakati wake, refa alikuwa mtu asiye na jina. Yeye alikuwa na jina, na jina hilo liliuza tiketi.

Wako waliodhani ni kichekesho kitupu. Lakini tuutazame ukumbi wenyewe. Hapakuwa na skrini kubwa za kurudia tukio kama zilivyo leo. Mtu aliyeketi mbali aliona kundi la miili likigongana, akasikia kipenga, asielewe. Ukumbi usioelewa uamuzi huuchukia uamuzi. Maigizo ya Kennedy yalikuwa maelezo. Aliufundisha umma sheria za mchezo ambao wengi wao walikuwa ndio kwanza wanaujua.

Aidha, sarakasi zile zilikuwa na nguzo chini yake. Wachezaji na makocha waliomlalamikia kelele hawakumtilia shaka uadilifu wake. Alimkaripia nyota kama alivyomkaripia mchezaji wa akiba. Refa mwenye kelele na asiyejua sheria hudumu msimu mmoja. Kennedy alidumu miaka karibu 30.

Mwalimu wa shule nyingine ya fikra

Hata hivyo, si wote walioridhika. Wako walioamini, na wako wanaoamini hadi leo, kwamba refa bora ni yule ambaye mechi ikiisha hakuna anayekumbuka sura yake. Kwao, kila jicho linalomtazama refa ni jicho lililoibwa kutoka kwa wachezaji.

Katika mji uo huo wa New York alikuwapo Dave Tobey, mwalimu, kocha na refa mashuhuri wa wakati huo. Tobey aliichukulia kazi hiyo kama taaluma ya kufundishwa darasani. Mwaka 1943 alichapisha kitabu kuhusu uamuzi wa mpira wa vikapu, cha kwanza cha aina yake: mahali pa kusimama, jinsi ya kugawana uwanja na mwenzako, namna ya kuonyesha ishara.

Wawili hao wanaweza kuonekana kama mahasimu wa kifikra, lakini kila mmoja alikamilisha upungufu wa mwenzake. Kennedy alionyesha kuwa refa lazima aeleweke. Tobey alionyesha kuwa kueleweka huko kunaweza kuwekewa utaratibu ambao kijana yeyote anaweza kujifunza, awe na sauti ya radi au ya njiwa. Ishara za mikono zinazotumiwa na marefa kote duniani leo zinafanya kimya kimya kazi iliyofanywa na mwili mzima wa Kennedy.

Kivuli cha kamari

Fedha zilizoingia Madison Square Garden hazikupita langoni zote. Walanguzi wa kamari walizoea kuketi safu za mbele. Waliweka dau kuhusu tofauti ya pointi, si mshindi peke yake, na hivyo wakaweza kumshawishi mchezaji kwamba anaweza kushinda mechi na bado akawafaidi kwa kupunguza ushindi.

Januari 1945, wachezaji watano wa Brooklyn College waligunduliwa kuwa wamepokea pesa ili wapoteze mechi dhidi ya Akron. Lilikuwa wingu la mvua iliyokuja kunyesha mwaka 1951, mkuu wa mashtaka wa Manhattan, Frank Hogan, alipofichua kuwa wachezaji 32 wa vyuo saba walihusika kupanga mechi 86 kati ya 1947 na 1950. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa City College ya New York, chuo kilichokuwa kimetwaa mataji mawili makuu ya vyuo mwaka 1950.

Kennedy alikuwa ameacha mechi za vyuo tangu 1946. Lakini tuyapime mazingira aliyofanyia kazi. Kipenga kimoja katika dakika ya mwisho kingeweza kumpa mlanguzi maelfu ya dola, ilhali aliyekishika alilipwa kwa mechi. Katika mazingira hayo, jina safi lilikuwa rasilimali pekee ambayo refa angeweza kuwa nayo, na likichafuka mara moja halioshwi.

Kutoka uwanjani hadi ofisini

Juni 6, 1946, wamiliki wa kumbi kubwa za Marekani na Kanada walikutana New York na kuunda ligi mpya ya kulipwa yenye timu 11, chini ya urais wa wakili Maurice Podoloff. Walihitaji mtu wa kuwasimamia marefa. Wakamwendea Kennedy.

Alishika wadhifa huo hadi 1950. Katika kipindi hicho, mwaka 1949, ligi hiyo iliungana na hasimu wake na kupata jina inalotumia hadi leo, NBA. Kwa hivyo kijana aliyeanza na mechi za shule akawa msimamizi wa marefa wa ligi ambayo imekuja kuwa kubwa kuliko zote duniani katika mchezo huo.

Kazi ya ofisini ilimtaka awatafute marefa, awapangie mechi na kuhakikisha kuwa kosa la Boston ni kosa pia St Louis. Lilikuwa jukumu zito kwa ligi ambayo mapato yake yalikuwa haba na mashabiki wake bado waliwathamini zaidi vijana wa vyuo. Wachezaji wa kulipwa walikuwa wazito, wazoefu na wakali. Marefa waliotoka vyuoni waligundua kuwa ngazi bado haijaisha.

Pamoja na Harlem Globetrotters

Mwaka 1950 Kennedy aliondoka NBA na kujiunga na Harlem Globetrotters, timu ya wachezaji Weusi iliyoundwa Chicago miaka ya 1920 na Abe Saperstein. Haikuwa hatua ya kushuka kama wengi wanavyoweza kudhani. Mnamo Februari 1948 timu hiyo iliishinda Minneapolis Lakers iliyokuwa na jitu la wakati huo, George Mikan. Mwaka 1950 ilianza ziara ya kila mwaka ya kupambana na wachezaji bora wa vyuo. Na Agosti 1951 ilicheza Berlin mbele ya watu wapatao 75,000.

Ulikuwa pia mwaka wa kihistoria. Msimu wa 1950-51 ndio NBA ilipowapokea kwa mara ya kwanza wachezaji Weusi, akiwamo Nat Clifton, aliyetoka katika timu iyo hiyo ya Globetrotters. Kabla ya hapo, baadhi ya wachezaji hodari zaidi Marekani hawakuwa na jukwaa kubwa kuliko la Saperstein.

Katika Globetrotters, ufundi na vichekesho vilitembea bega kwa bega. Hapo Kennedy alipata hadhira iliyomfaa. Refa mwenye hasira za kuigiza, akifukuzana na wachezaji wanaomzungusha, alikuwa sehemu ya burudani. Alizunguka nao kwa miaka saba, hadi 1957.

Wahenga walinena kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Wapo wanaosema hicho ndicho kilichompata Kennedy: kwamba maigizo yaliyoanza kama njia ya kueleza sheria yaliishia kuwa maigizo matupu. Wengine wanaona kuwa alijua kupambanua. Alipokuwa hakimu, alihukumu. Alipoacha uhakimu, ndipo alipojipa uhuru wa kuchekesha. Mpangilio wa miaka yake unaipa nguvu hoja hii ya pili, kwa kuwa alikabidhi wadhifa wa ligi kwanza, kisha akaingia katika burudani.

Pete kwa chanda chema

Pat Kennedy alifariki Juni 16, 1957, akiwa na umri wa miaka 49. Mwaka uo huo, refa mwingine wa aina yake, Earl Strom, alikuwa akiingia NBA. Strom naye alikuja kusifika kwa madoido na kwa ujasiri wa kuamua dhidi ya wenyeji.

Mwaka 1959, Jumba la Kumbukumbu la Naismith mjini Springfield lilipotangaza kundi la kwanza kabisa la wanaoenziwa, jina la Kennedy lilikuwamo. Aliorodheshwa pamoja na Naismith mwenyewe, pamoja na Mikan, na pamoja na Hank Luisetti aliyewafunza Wamarekani kurusha mpira kwa mkono mmoja. Chanda chema huvikwa pete, hata kama mwenyewe hayupo kuiona.

Yanayotuhusu Machakos

Kijana wa Machakos anayetamani kutoka mechi za shule hadi za vyuo hatazikuta njia zile zile. Hapa sheria zinazotumiwa ni za shirikisho la kimataifa, FIBA, na dakika za mechi ni 40 zilizogawanywa mara nne. Anayetaka kupanda hupitia mafunzo na mitihani ya shirikisho la nchini, KBF, badala ya kusubiri mwaliko wa kocha mwenyeji.

Lakini yapo yasiyobadilika. La kwanza ni wingi wa mechi. Kennedy hakuchagua mechi za fahari peke yake. Alichezesha shule na vyuo kwa wakati mmoja, na kila mechi ilimwongezea jicho. Refa anayedharau mechi ya mchujo wa mtaani hawezi kujua afanye nini katika fainali.

La pili ni kusoma sheria upya kila msimu. Kisa cha Kentucky chatukumbusha kuwa mazoea ya eneo moja yanaweza kuwa kosa katika eneo jingine, na mashindano ya vyuo hukusanya timu za kila pembe ya nchi.

La tatu ni jina safi. Kamari ya michezo imeenea miongoni mwa vijana wa nchi hii, tena kwa simu iliyo mfukoni. Aliyemfikia mchezaji wa Brooklyn mwaka 1945 alihitaji chumba cha siri na bahasha. Wa leo anahitaji ujumbe mfupi tu.

La nne latuhusu sisi tulioketi pembeni. Kennedy alifika alikofika kwa sababu mechi hazikukosekana, malipo yalitolewa, na umma ulikubali kuwa refa ni sehemu ya mchezo. Shule inayomwita mwalimu achezeshe mechi tano kwa siku kisha ikamlipa kwa soda na mkate isishangae asiporudi mwakani. Kocha anayewafunza wanafunzi wake kumzomea refa anawafunza pia kutotaka kuwa marefa.

Miongoni mwa wanafunzi watakaoingia uwanjani msimu ujao, wachache sana wataishi kwa kucheza. Wengi wataweka viatu kabatini baada ya mtihani wa mwisho. Kwa baadhi yao, kipenga ndicho kitakachowabakisha mchezoni miaka 20 zaidi. Inafaa waambiwe hilo mapema, na waonyeshwe ngazi ilipo.